Nani Atawakumbuka Watu wa Mifereji?



Mwenye jembe la zamani nyumbani kwake na aligeuze, aangalie karibu na tundu la mpini. Huenda ataona alama ya mamba imegongwa pale. Wengi wa wazee wetu walinunua jembe kwa kutazama alama, si kwa kusoma jina, na mamba huyo walimjua vizuri. Basi majembe hayo yalitengenezwa na kampuni ya Chillington katika mji wa Wolverhampton huko Uingereza, na mapanga yenye mamba yalitoka kwa kampuni nyingine, Ralph Martindale, katika mji wa Birmingham. Kati ya miji hii miwili ni mwendo wa maili 13 hivi, na zamani njia yote ilikuwa viwanda na mashimo ya makaa ya mawe, moshi usiku na mchana.

Nimeanza na jembe kwa sababu najua yuko ndugu atakayeitupa karatasi hii na kusema, "Mifereji ya Birmingham yatuhusu nini sisi, na hali mshahara haufiki mwisho wa mwezi?" Nangoja amalize, kisha namwambia: lishike hilo jembe lako. Kabla ya kufika mkononi mwako chuma chake kilipita katika mikono mingi. Mchimba makaa tunamsikia, ana vitabu na nyimbo. Mfua chuma tunamsikia. Kuli wa bandarini tunamjua kwa kuwa ni sisi wenyewe. Lakini makaa na chuma cha nchi ile, kwa muda wa zaidi ya miaka 150, yalisafirishwa kwa maji, katika mashua nyembamba zilizopita nyuma ya viwanda, na watu wa mashua hizo wamesahauliwa hata kwao. Nataka kuwasema hao leo, pamoja na matawi ya mifereji waliyoyafanyia kazi, ambayo mengi yamefukiwa na kujengewa juu.

Nilikwenda Birmingham kwa masomo ya chama, wiki chache tu. Jumamosi moja mwenyeji wangu, mzee aliyestaafu kazi ya kuendesha lori, akanichukua tutembee kando ya mfereji. Njia ile ilikuwa ya farasi. Farasi mmoja alifungwa kamba ndefu akavuta mashua yenye urefu wa futi 70 na upana wa futi 7 tu, na ndani yake mna tani 25 za makaa. Juu ya barabara za siku zile farasi huyo angehangaika na tani moja au mbili. Hapo ndipo penye siri yote ya mifereji, wala hapana uchawi.

Tukatembea. Kila baada ya hatua kadhaa njia ilipanda ghafula kama nundu la ngamia, halafu ikashuka tena. Nilidhani ni ubovu wa wajenzi. Mzee akacheka, akaniambia niiname nitazame chini ya nundu. Nikaona tao la daraja, limezibwa kwa matofali. Nyuma ya matofali ulikuwapo ukuta, na nyuma ya ukuta ni uwanja wa kuegesha magari.

Akanieleza kwamba pale palikuwa mdomo wa tawi. Maji yaliingia mpaka ndani ya ua wa kiwanda, mashua ikageuka ikafunga, makaa yakapakuliwa kwa koleo, mali iliyotengenezwa ikapakiwa. Farasi alipita juu ya daraja dogo ili asitumbukie kwenye mdomo ule. Kiwanda kilipokufa, tawi likafukiwa kwa takataka na vifusi, mdomo ukazibwa, lakini daraja likabaki kwa sababu kulivunja ni gharama. Kwa hivyo kila nundu ni kiwanda. Tulianza kuzihesabu, tukachoka, tukaacha.

Na jambo moja zaidi nililiona kwa macho yangu. Kwenye pembe za madaraja wamepigilia vyuma ili kamba za farasi zisile matofali. Vyuma hivyo vimechimbika mifuo, mmoja juu ya mwingine, mingine yaingia kidole kizima. Si msumeno uliokata hapo. Ni kamba ya pamba au katani, iliyolowa maji na mchanga, ikisugua chuma kila siku kwa miaka mia. Nikaweka kidole changu katika mfuo mmoja nikasimama kidogo. Mzee akaniuliza kama nimechoka.

Sasa tuseme habari yenyewe ilivyokuwa. Sheria ya kuchimba mfereji wa Birmingham ilipitishwa mwaka 1768, na fundi aliyepewa kazi ni James Brindley. Mnamo Novemba 1769 mashua za makaa zilianza kuja kutoka upande wa Wednesbury, na mwaka 1772 mfereji ukaunganishwa na njia nyingine za maji karibu na Wolverhampton. Brindley hakupenda kukata vilima. Mfereji wake ulizunguka vilima kama nyoka. Miaka zaidi ya 50 baadaye akaja fundi mwingine, Thomas Telford, akaona mfereji ule si zaidi ya mtaro uliopindapinda, akauchonga upya ukawa mnyofu. Pale Smethwick wachimbaji walikata kilima kwenda chini futi 70 hivi, na juu yake likatiwa daraja la chuma mwaka 1829, linaloitwa Galton. Kwa kazi hiyo ya kunyosha njia, karibu maili 7 zilipunguzwa kati ya Birmingham na mwisho wa mfereji.

(Jina hilo la Galton ni la jamaa matajiri wa bunduki. Bunduki za Birmingham zilipelekwa Afrika Magharibi kwa maelfu katika biashara ya watumwa. Nalisema ili mtu asidhani kwamba Mwafrika na mfereji ule wameanza kujuana kwa jembe.)

Kunyosha mfereji kuliacha mapindo ya zamani pembeni, yakawa kama njia za mitaani: pindo la Oozells Street, pindo la Icknield Port, pindo la Soho. Viwanda vilikuwa vimekwisha kujipanga humo, basi hayakufungwa. Tena matawi mapya yalizidi kuchimbwa. Kila mwenye kiwanda alitaka mlango wake wa majini, kwa makaa na pia kwa maji yenyewe, kwa kuwa injini za mvuke zilihitaji maji ya kupozea na sheria iliwaruhusu walio karibu kuyachota. Ilipofika mwisho wa karne ya 19, mfereji na matawi yake yote ulikuwa na urefu wa maili 160 hivi, na mzigo uliopita humo ulikuwa zaidi ya tani 7,000,000 kwa mwaka. Siku hizi njia zinazopitika hazizidi sana maili 100. Zilizobaki ni nundu na matofali.

Watu wa Birmingham hupenda kumwambia mgeni kwamba mji wao una maili nyingi za mifereji kuliko Venice ya Italia. Niliambiwa hayo mara nne kwa siku moja. Sina ugomvi na hesabu hiyo.

Yote niliyosema ni habari za mafundi na makampuni, na hizo zimeandikwa. Ngojeni niwaambie ya ukuta wa Worcester, maana hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Katikati ya mji, nyuma ya Gas Street, pana kibandari cha zamani ambamo mifereji miwili inakutana. Mmoja ni wa kampuni ya Birmingham niliyoisema. Wa pili ni wa kampuni nyingine, iliyopewa sheria mwaka 1791 kuchimba mfereji kutoka Birmingham kwenda Worcester, ili mali ishuke hadi mto Severn na baharini. Kampuni ya Birmingham ikaona wivu na hofu: itapoteza maji yake, na itapoteza ushuru. Ikafanya bidii mpaka sheria ikasema kwamba mfereji mpya usiukaribie wa kwake kwa chini ya futi 7 bila ruhusa. Ruhusa haikutolewa. Kipande cha kwanza cha mfereji wa Worcester kilifunguliwa mwaka 1795, ukafika pale, ukasimama. Maji huku, maji huku, na katikati ukuta wa upana wa futi 7.

Sasa fikirini, ndugu mliowahi kubeba magunia. Mashua imefika na tani 25. Mashua ya pili inangoja upande wa pili, hatua tatu kutoka hapo. Haiwezi kupita. Kila tani, kila kasha, kila koleo la makaa, ilitolewa katika mashua hii, ikavushwa ukuta kwa nguvu za mikono, ikapakiwa katika mashua ile. Hali hiyo ilikaa miaka 20! Mwaka 1815 ndipo sheria mpya iliporuhusu ukuta ukatwe na kutiwa lango la maji, mashua zikapita.

Nilisimama juu ya ukuta huo. Upo hata leo, na mashua zilizopakwa rangi nzuri zimefungwa pande zote mbili. Watalii wanapiga picha. Ubao umewekwa, nao unaeleza ugomvi wa makampuni mawili. Nilitafuta neno moja juu ya mahamali, sikuliona. Lakini ni nani aliyelipa gharama ya ugomvi ule? Mwenye mali alilipa kidogo, akaongeza bei. Makampuni yaliendelea kula ushuru. Aliyeulipa kwa mgongo wake ni mtu aliyefanya kazi ambayo haikuwa na lazima, kazi iliyobuniwa na wivu wa matajiri, na akahesabiwa kuwa ana bahati ya kupata kibarua.

Najua atakayesema kwamba ukuta ule uliwapa watu kazi, na kwamba ulipokatwa kazi hiyo ikaisha. Ni kweli. Hata hivyo sikubali kwamba mtu ashukuru kwa kubebeshwa mzigo wa bure, wala sikubali kwamba siku mzigo unapoondolewa aondolewe na yeye, bila senti ya kumsindikiza. Mambo haya mawili wenye kazi hupenda kuyafunga pamoja. Sisi hatuna budi kuyafungua.

Turudi kwenye mashua. Mtu akitazama mashua za picha, anaona maua na ngome zilizochorwa kwenye milango, na ndoo za shaba, akasema, maisha gani mazuri haya! Chumba cha watu kilikuwa nyuma ya mashua, urefu wa futi 10 hivi, upana usiofika futi 7. Humo mlikuwa jiko, kitanda cha kukunja, baba, mama na watoto. Mizigo mifupi ya kuzunguka mjini ilichukuliwa na mashua zisizo na chumba, na watu wake walirudi kulala makwao. Lakini safari ndefu zilifanywa na jamaa nzima iliyoishi majini.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Reli zilipoanza kushindana na mifereji, bei ya kuchukua mizigo ikashuka, na mshahara ukashuka nayo. Nahodha akaona hawezi kulipa nyumba ya nchi kavu na kijana wa kumsaidia. Akamtoa mkewe nyumbani akamweka kwenye usukani, na mtoto akaenda mbele kumwongoza farasi. Kampuni ilimlipa mtu mmoja, kwa tani na kwa safari, ikapata kazi ya watu watatu au wanne. Maji yakiganda kwa baridi mashua ilikwama, na safari isiyofanywa haikulipwa. Mashua ikingoja kupakuliwa siku tatu, siku hizo ni zake mwenyewe.

Watoto hao hawakusoma. Wangesoma wapi, leo wako Birmingham na kesho kutwa wako mahali pengine? Mtu mmoja, George Smith wa Coalville, alipiga kelele mpaka zikapitishwa sheria mwaka 1877 na mwaka 1884, kwamba mashua ziandikishwe, zikaguliwe, na idadi ya watu wa kulala ndani iwe na kikomo. Mwaka 1920 serikali iliweka kamati ya kuchungua maisha ya mashuani, mwenyekiti wake akiwa Neville Chamberlain wa Birmingham, yule aliyekuja kuwa waziri mkuu baadaye. Kamati ikashauri mwaka 1921 kwamba watoto wa umri wa shule wasikae mashuani wakati wa masomo. Harry Gosling, mbunge aliyewahi kuwa raisi wa chama kikubwa cha wafanyakazi wa uchukuzi, alipeleka bungeni mswada wa namna hiyo. Haukuwa sheria.

Hapa ndugu zangu niseme wazi kwamba si kila mtu wa mashua aliupenda mswada ule. Mama angeambiwa ashuke nchi kavu na watoto, na nani ashike usukani? Nyumba iko wapi? Chama kilikuwa na haki kutaka watoto wasome, na mama alikuwa na haki kuuliza watakula nini. Aliyekuwa na uwezo wa kuwajibu wote wawili ni mwenye kampuni, kwa kulipa mshahara wa kumtosha mtu na nyumba yake.

Mgomo pia ulikuwapo. Kampuni kubwa kuliko zote za mashua ilikuwa Fellows, Morton & Clayton, yenye makao yake Birmingham. Ghala lake la mwaka 1935 lingali limesimama Fazeley Street. Mnamo Agosti 1923 kampuni ilitaka kupunguza mshahara, na watu wa mashua, waliokuwa wameingia katika chama hicho cha uchukuzi, wakafunga mashua zao Braunston, mahali mifereji inapokutana kwenye njia ya London. Walikaa hapo wiki 14.

Jamani, tuwaze kidogo. Mtu wa kiwandani akigoma anakwenda nyumbani. Watu hawa nyumba yao ilikuwa ndani ya mali ya mwajiri. Mashua ni ya kampuni, kitanda ni cha kampuni. Waligoma hali wamelala mkononi mwa tajiri. Tena walikuwa watu ambao kila mtu alisema hawawezi kamwe kuunganishwa, kwa kuwa hawakai mahali pamoja siku mbili na wengi wao hawajui kusoma. Sitaki kumdanganya mtu kwamba mgomo ule uliiokoa kazi yao. Nasema tu kwamba ulifanyika, na kwamba ni wachache Birmingham wanaojua.

Kazi ikafaje? Wengi hujibu kwa neno moja: reli. Kwa mifereji mingine ni kweli. Kwa Birmingham si kweli hata kidogo. Kampuni ya mfereji iliingia mkataba na kampuni ya reli mwaka 1846, na reli ikajenga vibandari vya kubadilishia mizigo, mashua huku, mabehewa huku. Mashua ilileta kutoka kiwandani, gari moshi likapeleka mbali. Reli na mfereji zilikula sahani moja kwa miaka mingi.

Kilichoua kazi kilikuja kidogo kidogo. Mashimo ya makaa ya karibu yakaisha. Viwanda vikaingiza umeme na gesi, havikutaka makaa tena. Lori likafika mlangoni. Mwaka 1948 mifereji ikawa mali ya serikali. Mwaka 1954 sheria ikafunga vipande kadhaa vya mfereji huu. Halafu ikaja baridi kali ya mwaka 1962 kuingia 1963, maji yakaganda kwa wiki nyingi, mizigo ikahamia barabarani isirudi, na idara ya serikali ikaacha biashara ya mashua nyembamba karibu yote. Mwaka 1968 sheria nyingine ikaigawa mifereji mafungu matatu: ya biashara, ya matembezi, na fungu la tatu likaitwa mabaki. Matawi mengi ya viwandani yakaangukia huko. Neno lenyewe limo katika sheria, sikulitia mimi.

Angalieni namna lilivyokuwa jambo hili. Hapakuwa na siku moja ambayo tangazo lilibandikwa, "Leo kazi ya mifereji imekwisha." Kama ingekuwa hivyo, watu wangekusanyika. Lilifungwa tawi hili kwa kuwa kiwanda kimoja kimehama. Mwaka wa pili likafungwa lile. Mzee mmoja akaambiwa usije Jumatatu. Kila mara waliofukuzwa walikuwa wawili watatu, na chama hakiwezi kuita mgomo kwa watu wawili. Mpaka mtu alipoinua kichwa kutazama, maili 60 zilikuwa zimekwenda.

Mwenyeji wangu alikuwa dereva wa lori, kama nilivyosema. Nikamwuliza kama alijua siku zile kwamba anawanyang'anya watu wa mashua chakula chao. Akanyamaza kidogo, akasema alikuwa na watoto watatu, na hakuna aliyemwambia kuna watu nyuma ya ule ukuta. Namwamini. Dereva na mtu wa mashua walikuwa katika chama kimoja cha uchukuzi, lakini katika matawi mbalimbali. Hawakukaa chumba kimoja kuzungumza.

Leo maji yamekuwa na thamani tena, kwa namna nyingine. Maghala ya zamani ya Gas Street yalibomolewa katika miaka ya 1970, halafu katika miaka ya 1990 mahoteli, maofisi na mabaa yakajengwa kando ya maji, mtaa ukaitwa Brindleyplace kwa jina la yule fundi wa kwanza. Telford amepewa mji mzima. Pindo la Icknield Port, mahali pa karakana na masizi, limepimwa viwanja vya nyumba zaidi ya 1,000, na nyumba ya kutazama maji huuzwa kwa maji hayo. Huko Digbeth kipo kibandari cha kiwanda cha chai ya Typhoo, ambako makasha yalipakuliwa kutoka mashuani. Mwaka 2022 shirika la utangazaji la BBC lilisema litahamia katika jengo hilo. Silaumu. Ni heri maji yenye watu kuliko maji yenye matairi na mbwa waliokufa, na walioyasafisha, wengi wao kwa kujitolea, wanastahili shukrani.

Lakini nauliza, ubao uko wapi wa yule aliyevusha makaa ukuta wa Worcester miaka 20? Yuko wapi mama wa usukani? Pale Farmer's Bridge pana malango ya maji 13, moja chini ya jingine, yanashuka chini ya madaraja na majengo makubwa ya mjini. Zamani palitiwa taa za gesi kazi ikaenda usiku kucha. Nilishuka yote 13. Ubao wa kueleza jinsi lango linavyofunguka upo. Wa kumtaja aliyelifungua saa nane za usiku katika barafu, haupo. Baraza la mji haliwezi kumwandika mtu ambaye hakuna aliyemtunzia jina. Kampuni ilitunza daftari za tani na ushuru, kwa hivyo tani tunazijua mpaka leo. Watu wa mashua wengi hawakuandika. Chama kiliandika, lakini kuhusu mgomo, na si kuhusu Jumatatu ya kawaida.

Na sisi je? Ofisi ya tawi letu moja ilipohama nyumba, kitabu cha mikutano ya miaka ya mwanzo kilitupwa pamoja na magazeti, kwa sababu mchwa walikuwa wamekila pembeni. Nilikuwapo. Nilibeba viti. Sikufungua lile sanduku kutazama kilichomo, na aliyelitoa nje alidhani ni taka. Ndani yake mlikuwa na majina ya watu waliotozwa shilingi mbili mbili kuanzisha tawi, wengine wamekwisha kufa. Reli za pembeni zilizoingia viwandani katika Industrial Area ya Nairobi, zile ambazo mabehewa yalisukumwa mpaka mlangoni mwa ghala, nyingi hazitumiki sasa, na mahali pengine zimefunikwa na udongo na vibanda. Nani alizishika zamu? Nani alivunjika mguu katika kuunganisha mabehewa? Nimeuliza vijana watatu wanaofanya kazi hapo hapo. Mmoja alidhani vyuma vile ni vya mtaro wa maji.

Kwa hivyo naiomba halmashauri ya chama itenge kabati moja lenye kufuli, na katibu mmoja wa kulisimamia. Mwanachama mwenye kadi ya zamani, picha ya wenzake kazini, barua ya kufukuzwa, risiti ya ada, hata kibati cha namba ya kazini, akilete kiandikwe kisha arudishiwe kama anakitaka. Asiyejua kuandika na aje aseme kwa mdomo, kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwao, na mwenye kuandika yupo. Nataka tuanze na wazee waliofanya kazi kwenye reli za pembeni, maana hao hawatatungoja. Mimi nitakuwa ofisini Jumamosi zote mbili za kwanza za mwezi ujao, tangu saa tatu asubuhi mpaka saa saba, na chai itakuwapo.